Tajiri wa Magodoro

Sisi wa chumba cha kufulia hatukumwita Mwenyekiti.
Mimi nilimwita Tajiri,
kama utingo anavyomwita mwenye lori,
naye Hedley Sugden akadhani ni jina la heshima.
Lilikuwa. Halikuwa. Ilitegemea tarehe ya mshahara.

Alianza na godoro moja, kichwani,
akilipandisha vilima vya Keighley,
mji ambao jina lake halisomeki kama lilivyoandikwa,
wala watu wake.
Akafungua duka, yakawa sita,
kila duka na bango lake la njano:
LALA KAMA UMELIPWA.
Hata mimi nilinunua, kwa mkopo wa miezi kumi na minane.

Klabu aliinunua kwa pauni moja.
Magazeti yaliipiga picha ile pauni.
Deni hayakulipiga picha;
deni halikai kwenye kiganja.
Paa la jukwaa la mashariki lilikuwa ungo,
golikipa akidai mishahara ya miezi mitatu,
na mashine yangu ikigonga kama mtu aliyefungiwa ndani.
Alishuka ngazi, akavua koti, akalala chali sakafuni:
"Hii nitaitengeneza mwenyewe."
Akaitengeneza. Inagonga hadi leo.

Alihesabu sabuni. Ndiyo, alihesabu.
Mali bila daftari, wahenga walishamaliza,
naye, bila kuwasikia wahenga wangu,
alikuwa na daftari la jalada la bluu
ambamo hata chai ya refa ilikuwa na bei.

Tulipanda daraja. Tukapanda tena.
Mwezi wa Mei basi la wazi likapita Mtaa wa Cavendish,
mvua inanyesha, wanaume wazima wanalia
kama waliomenyeshwa vitunguu,
naye amesimama nyuma kabisa,
ameshika mwavuli wa mtu mwingine.

Kisha akabadilisha jezi.
Miaka tisini tulivaa damu ya mzee;
asubuhi moja tukawa njano, njano ya bango la duka.
Nilijua kabla ya mji: sanduku lilifikia kwangu.
Nilizifua mara moja tu, zikachuja,
soksi zote zikapata homa ya manjano.

Hapo ndipo jukwaa la kaskazini lilipoanza:
"Uza! Sugden, uza!"
Kila Jumamosi watu elfu nne walimtukana
hadi sauti zikakauka,
kisha wakaenda nyumbani kulala juu ya magodoro yake.
Nani alimmiliki nani, sijui.
Kijana mmoja, Kieran Wadsworth, alitema mate
kwenye mlango wa ofisi;
mama yake alikuwa keshia wa duka la tatu.

Akauza. Si kwa pauni moja.
Walionunua ni kampuni: ina anwani, haina viatu.
Hakuna aliyeshuka ngazi.
Walirudisha damu ya mzee, mji ukashangilia;
wakauza uwanja wa mazoezi
mji ukiwa bado haujamaliza kushangilia.
Siku hizi sabuni haihesabiwi.
Siku nyingine haipo.

Jumanne iliyopita tulifungwa nne, nyumbani.
Nilipanda juu kuvuta hewa, kapu kiunoni.
Jukwaa la mashariki, chini ya paa alilolifunga yeye
(limebaki tundu moja, halikuwahi kuzibika),
palikaa mzee mwenye koti la mvua,
tiketi imechungulia mfukoni, imekunjwa kama risiti.
Alikaa palepale panapovuja.
Dakika ya themanini akainuka, mkono kwenye goti,
akazungushia viganja mdomo,
akaelekea vioo vya chumba cha wakubwa:
"Uzeni! Uzeni nyie!"

Sauti haikuvuka safu ya tatu.
Kieran, mbele yake, akageuka.
Akamtazama kwa muda, mvua ikimdondokea mzee kwenye upara.
Akachukua mkoba wake kutoka kiti cha pembeni,
akampisha pakavu.